Siku yangu moja na watoto wenye usonji: kadi, poti na kifuniko cha soda

Saa 1 asubuhi nishafika. Mimi ni msaidizi wa darasa kitengo cha usonji (autism), shule ya msingi huku Temeke, nawafundisha watoto kutumia choo, na kazi yangu ya kwanza ni kukausha choo. Sio kuosha tu, kukausha na tambara kabisa, maana kuna kijana wa miaka 6 akikanyaga sakafu yenye maji ndo basi tena, haingii.

Saa 2 wazazi wanashusha watoto na mimi nawauliza palepale mlangoni, jana kapata choo? Nalikomalia hilo. Wengi wanachagua chakula, mwingine ni chipsi na mkate tu, choo kinakuwa kigumu, akienda kinamuuma, siku nyingine anabana makusudi halafu watu wanamwita mkaidi. Mtoto kama huyo apelekwe hospitali kwanza, la sivyo mafunzo yote utachoka bure.

Saa 4 kasoro, uji umeshashuka. Nasubiri kama robo saa hivi, tumbo likipata chakula utumbo nao unaamka, hapo ndo nawakalisha mmoja mmoja. Na simuulizi mtu "unataka kukojoa?", ukimuuliza kijana wangu anakurudishia vilevile, "unataka kukojoa?", huku kabanwa anarukaruka. Namwonyesha kadi, nasema "choo", tunaenda. Kadi ni picha ya choo chetu hichihichi niliyoipiga na simu nikailaminisha. Anakaa dakika chache tu, wavulana pia wanakaa, kusimama watajifunza mbele. Akitoa hata matone, papo hapo anapewa kifuniko cha soda akizungushe, na kifuniko hicho hakipati kwa jambo lingine lolote, ndo mshahara wake. Kuflashi nafanya mimi akishatoka, ule mvumo anaziba masikio na kulia.

Saa 6 kijana wangu kajikojolea. Hakuna kugomba, tunaenda kubadilisha hukohuko chooni, naandika saa kwenye daftari. Ukiandika wiki kadhaa unaona kabisa huyu akinywa maji anachukua muda gani, basi unamuwahi. Mtu mmoja kapita akasema mchape mara moja tu atakoma. Atakoma kweli, atakoma kuingia chooni.

Saa 8 mama yake kaja. "Anti, mbona huku anaenda na nyumbani anagoma?" Nikamuuliza choo chenu kikoje. Cha shimo, kiko uani, giza, mnachangia wapangaji wote. Sasa mama, hapa anakaa kwenye sinki la kukaa, kwake hicho ni kitu kingine kabisa, lile shimo linamtisha! Nikamwambia anunue poti aanzie ndani, kadi nikampa ya kwake, na nyumba nzima wanaomlea waseme "choo", sio bibi anasema susu na dada anasema kojo. Akizoea, poti lisogezwe kidogo kidogo kuelekea uani. Pampasi ya mchana itoke, ya usiku ibaki kwanza, usiku ni somo lingine na huwa linachelewa.

Saa 2 usiku nipo na ndoo ya kufua, voisi ya WhatsApp inaingia: "Anti kakojoa kwenye poti! Ila kakataa kunawa." Nikamjibu kunawa tutamdai baadaye, mpe kifuniko haraka kabla hajasahau kapewa kwa lipi.