Nukuu 1,300 nilizokuwa nazo bila kuwa nazo

Nina nukuu zaidi ya 1,300 nilizokusanya kwa karibu miaka tisa, na leo mtu akiniuliza "ile kauli ya kungoja uliyotuambia siku ile ilisemaje?" naipata kabla hajanywa funda la pili la chai. Nalisema kwa fahari, maana kwa miaka sita ya kwanza sikuweza. Zote zilikuwa mle mle kwenye simu, kama fedha iliyofukiwa shambani na aliyeifukia kausahau mti.

Ushauri niliopewa na kila mtu ulikuwa mmoja: weka lebo. Kila nukuu ipe lebo tatu au nne, utaona raha. Nikaufuata kwa moyo wote. Haukupita muda nikawa na lebo zaidi ya 200, na humo ndani kulikuwa na "subira", "uvumilivu", "kuvumilia" na "kungoja", zote nimezitunga mimi, kila moja kwa hali ya moyo niliyokuwa nayo siku hiyo. Siku ya kutafuta, hali ile ya moyo haipo tena. Kauli moja nzuri mno kuhusu subira niliikuta miezi mingi baadaye chini ya lebo "safari", kwa sababu niliisoma nikiwa safarini. Anayekuambia uanze na lebo bado hajafikisha nukuu 300.

Nikageukia wazee wa kazi hii. Mwanafalsafa John Locke alikuwa na njia yake ya kupanga daftari la dondoo, iliyochapishwa kwa Kifaransa mwaka 1686, kisha kwa Kiingereza mwaka 1706 akiwa ameshafariki. Unachukua neno kuu la mada, unaangalia herufi yake ya kwanza na irabu inayofuata, na hapo ndipo unapoiandika kwenye faharasa. Njia safi, nikaipenda papo hapo. Nikafungua notisi moja ya faharasa, nikatumia Jumamosi na Jumapili nzima kuhamisha kila kitu.

Kufikia Jumapili jioni nyumba yote ilikuwa imehamia U. Upendo, ukweli na uzee walikaa Ue. Uhuru, undugu, utu na uvumilivu wakabanana Uu. Ua ikabeba umaskini, ukarimu, uaminifu, ujasiri na unafiki, yaani nusu ya mambo yote ambayo binadamu amewahi kuyasemea neno la maana. Ma nayo ikajaa maisha, mapenzi, malezi na mauti. Herufi nyingine zilibaki na kitu kimoja kimoja, nyingine tupu kabisa. Locke hakukosea. Lugha zake hazikuwa na ngeli, basi.

Hapo ndipo akili iliponifunguka, na ugunduzi huu nauona wangu mwenyewe. Tatizo lile lile lilikuwa linanikwamisha kwenye kisanduku cha kutafutia, nami sikuwa nimeliona. Programu niliyokuwa nikiitumia ilitafuta kuanzia mwanzo wa neno. Kwa Kiingereza haisumbui sana, kwa kuwa maneno yao hubadilika zaidi mwishoni. Ya kwetu hubadilika mbele. Chukua "Mchumia juani hulia kivulini". Ukiandika "jua" unaipata, ukiandika "kivuli" unaipata. Ukiandika "chum" hupati kitu, kwa sababu neno limevaa m- mbele. Miaka yote ile nilikuwa nikitafuta "subiri" na kuambiwa hakuna, huku "anayesubiri", "tukasubiri" na "wasiosubiri" wamekaa kimya ndani.

Kwa hiyo nikaanza kuandika mstari mmoja chini ya kila nukuu, niuite mstari wa mizizi. Humo naweka maneno yakiwa uchi, bila viambishi, pamoja na maneno ambayo hayamo kwenye nukuu lakini ndiyo nitakayoyakumbuka. Methali ile ina "chuma, jua, kivuli, kazi, pumzika". Neno "kazi" halimo kwenye methali, ila mimi nikiitaka naitafuta kwa "kazi".

Baadaye nilihamia Obsidian, ambayo huweka kila notisi kama faili ya kawaida ya maandishi ndani ya kifaa chako na hutafuta hata katikati ya neno. Nikadhani mstari wa mizizi umekwisha kazi, nikauacha kwa wiki kadhaa. Kosa kubwa. Andika "pend" utapata anapenda, wapendwa, upendo. Mapenzi na mpenzi hupati, kwa sababu d imegeuka z. Pika imezaa mpishi, fuata imezaa mfuasi, linda imezaa ulinzi, jenga imezaa ujenzi. Nikaurudisha mstari, na sasa naandika sura zote mbili: "pend penz", "jeng jenz". Hunichukua sekunde kumi. Lebo zote 200 nimezifuta, sijazikumbuka hata siku moja.

Kila nukuu ina faili yake, usichanganye mbili. Na usipige picha ya ukurasa ukasema utainakili baadaye. Andika kwa mkono wako hapo hapo, pamoja na namba ya ukurasa.

Jambo la chanzo lilinifundisha kwa uchungu. Nilisimama mbele ya watu kwenye mkutano nikamnukuu Voltaire, mwanafalsafa wa Ufaransa, ile kauli ya kwamba sikubaliani na usemayo lakini nitatetea hadi kufa haki yako ya kuyasema. Mama mmoja mtu mzima akanifuata baadaye, akaniambia kwa upole: "Mwanangu, hayo si ya Voltaire." Ni maneno ya Evelyn Beatrice Hall, mwandishi wa Uingereza, aliyeyaandika mwaka 1906 kueleza msimamo wa Voltaire, na watu wakayabeba kana kwamba ni ya Voltaire mwenyewe. Mimi niliyanakili kwenye picha iliyozunguka mtandaoni, wala sikujiuliza. Nilimshukuru, nikarudi nyumbani na aibu, na usiku ule nikaongeza mstari mwingine: nimesoma mwenyewe, nimesikia, au nimeona kwa mwingine.

Zile za "nimeona kwa mwingine" zina folda yake, naiita Yatima. Ndiyo folda pekee niliyonayo. Zilikuwa 412 nilipoanza, na nimejiwekea sharti: yatima hatoki kwenda kwenye hotuba wala kwenye kadi ya mtu mpaka nimemwona mzazi wake kwa macho yangu. Kila Ijumaa jioni nachukua wawili watatu nikawatafutie kwao. Wengine nimewafuta, kwa maumivu, kwa kuwa nimethibitisha anayetajwa hakusema. Wamebaki 97. Juzi nilimpata mmoja niliyemtafuta tangu mwaka juzi, yuko ukurasa wa 61 wa kitabu kilichokuwa kwenye rafu yangu mwenyewe muda wote, na neno la katikati nililonalo halikuwa lake. Nimelisahihisha.