Stelingi kombo, gari linaenda sawa

Jamani hii Canter, lori langu dogo, imenitesa wiki nzima. Nimetoka gereji hapa Igoma, wamebadilisha kingpini (pini ambazo tairi za mbele hugeukia) na tairodi endi (ncha za fimbo inayounganisha tairi mbili za mbele), natoka nayo naelekea Kisesa gari linanyooka vizuri tu ila stelingi imelala kama saa nane, spoku moja inanitazama usoni. Nikarudi, fundi anataka achomoe usukani augeuze, nikamwambia hapana kaka, hapo unaficha tu maana stelingi boksi, ile boksi ya gia za usukani, inabaki haiko kati, upande mmoja gari litakata kona kidogo kuliko mwingine.

Basi jana mzee mmoja wa malori kaja kanisaidia. Kazungusha usukani toka mwisho hadi mwisho, mizunguko minne na nusu, akarudisha miwili na robo, hapo boksi iko kati na usukani umenyooka. Sasa matairi ndo yanatazama pembeni! Akalegeza klampu za dragi linki, ile fimbo inayotoka kwenye boksi kwenda kwenye tairi, akaizungusha kiduchu kiduchu mpaka tairi zikakaa sawa, akakaza. Tairodi hakuigusa maana too, yaani tairi za mbele zinavyoelekeana, ilishapimwa. Dakika arobaini tu, na mikono imejaa grisi, tukala sato na ugali pale pale.