Paa Lililofichwa, Bomba Lisilofikika

Mwenye nyumba akikunjuliwa ramani, macho yake huenda sebuleni na kwenye sura ya mbele. Sisi wasanifu tunaanza juu, tukilifuata tone la mvua: linaangukia wapi, linapita wapi, linatokea wapi. Kisha tunauliza kila kitu kitakachochakaa kitafikiwa vipi na mkono wa fundi. Nyumba ya kupangisha ikishindwa maswali hayo mawili kwenye karatasi, kodi yake itaishia kwa mafundi kila msimu wa mvua.

Mtindo unaotusumbua zaidi kwa sasa ni paa lililofichwa, uliotapakaa Kampala na Entebbe. Ukuta mfupi huinuliwa kulizunguka paa, mabati yakalala nyuma yake kwa mteremko mdogo, na maji yote yakakusanywa kwenye mfereji wa ndani, juu ya ukuta na dari. Mfereji wa paa la kawaida ukijaa, maji humwagika uani. Huu ukijaa, maji hurudi nyuma chini ya mwisho wa bati, yakalowesha mbao, yakashuka darini kwenye waya za taa. Majani, vumbi jekundu na vijiti vya viota vya kaloli (wale korongo wakubwa wa jijini) vinatosha kuziba tundu la bomba. Mpangaji huona doa dogo la kahawia. Kufikia hapo mbao za juu zimeshalowa mara nyingi.

Ushauri wetu ni kuachana nao na kurudi kwenye paa lenye upenu. Mteja akiung'ang'ania, basi mfereji uwe na upana wa sentimita 30 au zaidi ili mtu aweze kuingia kuusafisha, uwe na matundu mawili ya kutolea maji yenye milimita 100 kila moja, na kizuia maji kipandishwe angalau sentimita 15 chini ya bati. Ukuta utobolewe tundu la dharura, sentimita 5 chini ya ukingo wa mfereji, lielekee mahali panapoonekana kutoka chini. Maji yakianza kutoka hapo, kila mtu atajua mfereji umeziba kabla dari haijalowa. Na iwepo ngazi ya kudumu. Paa lisilo na njia ya kupandia halisafishwi.

Kwa paa la kawaida, hesabu ya mfereji ni rahisi: kila mita moja ya mraba ya paa inahitaji sentimita moja ya mraba ya tumbo la mfereji, yaani eneo la ndani ukiukata kwa upana. Upande wenye mita za mraba 60 unatoshwa na mfereji wa nusu duara wa milimita 125, ambao tumbo lake ni karibu sentimita za mraba 61. Uteremke nusu sentimita kwa kila mita. Mabati ya geji 28 ni manene kuliko ya geji 30; namba ikipanda, unene unashuka, na wanunuzi wengi hudhani kinyume. Skrubu zenye mpira zifungwe kwenye mgongo wa wimbi, kamwe si bondeni, wala zisikazwe hadi mpira ukapasuka. Mbao za mkaratusi zikipauliwa mbichi hujipinda zikikauka, na bati hulazimika kuzifuata.

Maji hayo yasipotee. Milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ni lita moja, kwa hiyo paa la mita za mraba 120 likipata mvua ya milimita 40 linamwaga karibu lita 4,800. Tangi la lita 5,000 linakaribia kujaa kwa siku moja. Kosa tunalolikuta tena na tena ni bomba la kuingizia la milimita 100 na la kupunguzia (la kutolea maji yanayozidi) la milimita 25. Tangi likijaa maji hufurika pembeni, yakachimba udongo chini ya kitako, na tangi likainama. Bomba la kupunguzia lilingane na la kuingizia, na lipeleke maji mita 5 au zaidi kutoka kwenye msingi.

Kuhusu jua, Uganda imekatwa na mstari wa ikweta, basi kuta zinazoungua ni za mashariki na magharibi. Urefu wa jengo uelekee mashariki–magharibi, madirisha makubwa yakae kaskazini na kusini, na upande wa magharibi upewe vyoo, stoo na ngazi. Upenu wa sentimita 90 unalifunika dirisha la kimo cha mita 1.2 lililo sentimita 30 chini yake, hata Juni na Desemba, kuanzia karibu saa nne asubuhi hadi karibu saa kumi alasiri. (Adhuhuri ya jua Kampala inakaribia saa saba, si saa sita.) Ukuta mzima wa vioo upande wa magharibi ni bili ya kiyoyozi uliyoijenga kwa mikono yako.

Mabomba nayo yanatuuma sana. Vyoo vya ghorofa vipangwe kimoja juu ya kingine, viwili viwili vikipeana mgongo, na katikati pawe na nafasi wima yenye mlango wa kuingilia fundi. Kila nyumba iwe na koki yake na mita yake. Bila hivyo, choo kimoja kinachovuja kinakausha jengo zima. Bomba likilazimika kupita ukutani, lijaribiwe kabla ya plasta kwa mara 1.5 ya shinikizo la kazi, liachwe saa nzima, na ukuta upigwe picha ukiwa na futi kamba kando yake. Picha hiyo itaokoa vigae siku bomba litakapopasuka. Maji machafu kwenye bomba la milimita 110 yapewe mteremko wa 1 kwa 40, na kila kona iwe na chemba. Tangi la juu nalo lisitegemewe kwa miujiza: mita 10 za kimo ndizo bar moja ya shinikizo, hivyo tangi lililo mita 3 juu ya bomba la kuogea linatoa bar 0.3 tu.

Umeme: waya zipite kwenye mabomba yanayoruhusu kuvutwa upya, na kila swichi ya boksi kuu iandikwe chumba chake.

Chini, sakafu iwe sentimita 15 au zaidi juu ya ardhi ya nje, na jengo lizungukwe na zege la upana wa sentimita 90 linaloteremka kwenda nje. Kichuguu kichimbwe hadi malkia atolewe, na udongo upuliziwe dawa ya mchwa kabla ya zege la sakafu. Baadaye bustani ndiyo inayoharibu kazi: udongo wa maua ukirundikwa ukutani kupita kizuia unyevu (tabaka la ukutani linalozuia unyevu wa ardhi kupanda), mchwa na unyevu hupanda pamoja. Mkabidhi mwenye nyumba ramani ya mabomba kama yalivyolazwa, na tarehe mbili za kusafisha mifereji: Februari, kabla ya mvua za Machi, na Agosti, kabla ya zile za Septemba.