Mwaka ulio kwenye ramani si lazima uwe mwaka ilipochapwa

Ramani ya Amerika Kaskazini ya John Mitchell ilitoka London mwaka 1755, karatasi 8 za kuunganishwa. Ndiyo iliyotumika Paris kujadili mipaka ya Marekani, 1782 na 1783. Toleo la nne, la karibu 1775, lilifuta Ufaransa kwenye jina na kubakiza makoloni ya Uingereza, lakini tarehe ya Februari 1755 iliachwa palepale. Muuzaji anayeandika "1755" bila kutaja toleo bado hajasema anauza nini.

Chanzo ni bamba la shaba, ambalo ramani ilichongwa juu yake ili ichapwe. Lilikuwa mali: liliuzwa, likarithiwa, likasuguliwa sehemu moja na kuchongwa upya. Kwa hiyo soma jina na anwani ya mchapishaji, barabara na majina ya miji, kisha linganisha neno kwa neno na maelezo ya matoleo yanayojulikana.

Halafu mulika karatasi kwa nyuma. Karatasi ya zamani huonyesha mistari myembamba iliyosongamana, ikikatizwa na mingine iliyoachana takriban sentimita 2.5. Karatasi laini isiyo na mistari hiyo ilianza kuonekana kwenye vitabu vya Uingereza mwaka 1757, hivyo ukiikuta kwenye ramani ya 1755, ama bamba lilichapwa baadaye ama ni nakala. Chukua lenzi ya kukuza mara 10: nukta zilizopangwa safu kwa safu ni uchapaji wa kisasa, hata kingo ziwe zimebonyezwa kuiga alama ya bamba.

Geuza upande wa nyuma. Rangi ya kijani ya zamani iliyotengenezwa kwa shaba hula karatasi na kuacha doa la kahawia. Ukiiosha, unaweza kuipasua hapohapo. Na palipokwanguliwa pembeni huenda palikuwa na muhuri wa maktaba. Dai hati za umiliki kabla ya kulipa.

Kwa vitabu, hesabu ramani kabla ya kurasa. Kitabu cha William Hubbard cha 1677 kuhusu vita vya New England kina ramani iliyochongwa kwenye mbao, na ramani hiyo ikikosekana, bei hushuka vibaya sana. Wapo wanaoziba pengo kwa ramani ya toleo jingine. Ramani ya toleo la Boston imeandikwa "White Hills", ya toleo la London "Wine Hills". Omba picha ya karibu ya maneno hayo pamoja na ukurasa wa jina la kitabu.