Shamba la Anathothi

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Kilichonielemea wiki hii ni maombi ambayo bado hayajajibiwa. Mama mkwe wangu anaumwa figo. Tumefunga, tumeomba, na bado anapelekwa kusafishwa damu, anarudi hoi. Waebrania 11:1, kwamba imani ni bayana ya mambo yasiyoonekana, naijua kwa moyo tangu utotoni, ila usiku nimejikuta nikimuuliza Mungu hiyo bayana iko wapi.

Ndipo nikasoma Yeremia 32. Ni mwaka wa kumi wa Sedekia mfalme wa Yuda, jeshi la Babeli limeuzingira Yerusalemu, na nabii mwenyewe amefungwa katika uwanja wa walinzi. Anakuja Hanameli, mtoto wa ami yake: jinunulie shamba langu la Anathothi. Nani ananunua shamba adui akiwa langoni? Yeremia alinunua. Akapima fedha kwenye mizani, shekeli 17, akatia sahihi na muhuri mbele ya mashahidi, akamwagiza Baruku, mwandishi wake, aziweke hati katika chombo cha udongo zipate kukaa siku nyingi.

Akiisha kulipa, ndipo anaomba, wala hafichi mshangao wake: Bwana, waniambia nijinunulie shamba, na mji huu umekwisha kutiwa mikononi mwa Wakaldayo, ndio hao wa Babeli! Mungu hakumkemea. Alimjibu, "Je! Kuna neno gumu lolote nisiloliweza?" Mpendwa, uliza. Lia mbele zake. Nabii aliuliza na hati ameshaisaini.

Hapa niseme wazi, hasa kwetu tunaoongoza maombi. Tuache kuwaambia wagonjwa kwamba hawaponi kwa sababu imani yao ni haba! Tuache kuwauzia chupa za maji na mafuta ili wapate kitu cha kushika. Mtu ana sindano mkononi saa nne nzima, nawe unamtwisha na hatia? Yeremia aliishia kuchukuliwa Misri, na Maandiko hayatuambii kwamba alilima shamba lile hata siku moja. Nani atathubutu kusema hakuwa na imani?

Wewe unayemwombea kijana aliyepotelea kwenye pombe, endelea kumwekea chakula chake. Wewe unayeomba kazi, peleka barua nyingine Jumatatu. Nasi nyumbani tumekubaliana kwamba mvua zikianza tutalima shamba la Mama kama kila mwaka. Mbegu ameshazichagua mwenyewe. Mtuombee.