Kipande cha Babu wa Kigombe

Masika yameingia, na katani, yaani nyuzi za mkonge, iliyotundikwa uani imenyonya unyevu hadi harufu yake, ile ya kamba mpya, imefika jikoni. Kitindamimba wetu akauliza kama Babu wa Kigombe, mzee anayetusokotea kamba, alikuwa anakata mkonge kwa panga. Hapana, kwa kisu. Alikata jani, akaondoa mwiba wa ncha, akafunga majani 30 kwa kila fungu. Swali hilo limenirudisha kwenye pambo la ukutani tulilotengeneza kwa mteja wa Raskazone, mjini Tanga.

Mteja alitaka pambo kubwa la sebuleni, linalouelezea mkonge wa Tanga. Alitegemea picha ya mmea, au habari ya Richard Hindorf, Mjerumani aliyeleta mkonge, na miche 62 iliyosalimika safarini, ikapandwa Kikogwe, Pangani, mwaka 1893. Mimi nilitaka kitu cha waliofanya kazi yenyewe. Babu, aliyetoka Kigoma akiwa kijana kuja kukata mkonge, ndiye aliyetupa mchoro: kadi ya kipande, ya kuhesabia siku za kazi za kibarua. Visanduku 30, ulipomaliza kazi uliyopimiwa, siku yako ilitiwa alama, na ujira ulilipwa kipande kilipojaa.

Basi tukapanga safu 5 za visanduku 6 vya kujazwa kamba za katani, kila kimoja sentimita 20 kwa 20. Fremu ikawa ya mlingoti wa mkonge, ule uliokwisha kuchanua na kukaukia shambani. Mlingoti ni mwepesi, lakini ndani ni laini kama sponji: msumari haushiki, na ukipigwa karibu na ncha unapasua ganda. Tulitoboa kwa kekee, tukaunga kwa vijiti vya mti mgumu na gundi ya mbao. Ncha zote zilipakwa vanishi kabla ya kitu kingine chochote, maana wadudu watobozi huingilia pale palipokatwa.

Katani ndiyo inayotaka subira. Ioshwe kwanza kwa maji ya moto na sabuni, kwa sababu mabaki ya utomvu na nta huzuia rangi, nayo itatoka na mabaka. Kisha ichanwe kwenye ubao wa misumari, nyuzi fupi zitoke, zibaki ndefu zilizonyooka. Rangi tulitumia ileile ya unga wanayotilia ukili wa mikeka: kilo 1 ya katani kwa lita 20 za maji yanayochemka, chumvi kidogo, nusu saa, kisha kuanika kivulini. Manjano ya jikoni hutoa rangi nzuri sana, ila jua la dirishani huila upesi. Na kamba zisivutwe zikabana. Masika huzivimbisha, zikivimba zinafupika, na fremu inapinda. Tuliacha ulegevu wa upana wa kidole kila upande.

Siku mteja alipokuja kutazama, visanduku 28 vilikuwa vimejaa. Akasimama mbali kidogo, akafurahi, akasema tuviache vile viwili vya mwisho wazi, macho yapate pa kupumzikia.

Babu alikuwa ameketi kwenye mkeka, shuka limekunjwa, paja wazi, anasokota. Nyuzi mbili chini ya kiganja, kiganja kinazisukuma mbele hadi gotini kila mmoja ujisokote peke yake, kisha kinarudi nyuma, na katika kurudi kule zinashikana kuwa kamba. Analowesha mkono kwenye bakuli, anaongeza nyuzi, anasukuma tena. Hakuacha kusokota wala hakuinua macho.

"Mama," akamwambia mteja, "kisanduku kitupu si mapumziko. Ni siku uliyolala na homa. Au umefanya kazi, mnyapara akasema haikutimia. Ukikitundika hivyo, umenitundika mimi nikiwa bado nadai."

Hakuna aliyejibu. Tukasikia kiganja kikipita pajani, mbele, nyuma. Kamba ilipotosha aliifunga ncha kwa uzi isifumuke, akainuka kwa kushika ukuta, akakijaza kisanduku cha 29 mwenyewe, taratibu, akipitisha kamba juu na chini ya mtande, zile nyuzi zilizotangulia kutandazwa. Halafu akarudi kusokota ya 30.

Mteja alilichukua hivyo hivyo, limejaa. Tangu hapo wengine wameagiza la namna ile wakitaka nafasi tupu, na kwa jicho la fundi naona nafasi zinaliongezea pambo uzuri. Sijui hata kama kipande ni kitu cha kutundikwa juu ya makochi ya watu. Babu alikubali kitundikwe kilichojaa. Sikumsikia akisema amekipenda. Kwa sasa natengeneza cha visanduku 30 vyote vikiwa vimejaa, la sivyo namshauri mteja achague kioo cha fremu ya mlingoti.