Siku tuliyoamua kuhusu sikio la dada

Dada yangu sikio la kushoto lilikufa akiwa darasa la tatu, homa ya uti wa mgongo, ndo maana majibu ya MRI, ile picha ya ndani ya kichwa, yaliposema kuna uvimbe kwenye mshipa wa kusikia wa kulia baba alinyamaza kabisa mle chumba cha daktari hospitali ya KCMC. Uvimbe wenyewe sio kansa, unakua polepole, lakini ulishakuwa mkubwa unasukuma ubongo, lazima utolewe, na njia ya kuufikia inapita sikio la ndani lenyewe, kwa hiyo hata kale kausikivu kalikobaki kanaenda.

Hapo ndo ubishi ulipoanza. Kipandikizi cha koklea, kile kifaa ambacho waya wake unaingizwa sikio la ndani kupeleka sauti kwa umeme kwenye mshipa wa kusikia, kiwekwe siku hiyohiyo ya kutoa uvimbe au asubiri apone kwanza? Baba alitaka tusubiri na alikuwa na hoja, kichwa kwanza, hela ya kipandikizi tutachangisha baadae, halafu kile kipandikizi kina sumaku ndani, kwenye MRI inatia kivuli upande uleule mnaotaka kuangalia kama uvimbe umerudi.

Mimi nilikuwa na baba mpaka daktari alipotuonyesha picha ya CT ya sikio la kushoto. Ile koklea, kitu kimejiviringa kama konokono, ilikuwa imejaa mfupa tupu, waya haupiti. Akasema mzee, sikio la ndani likishavurugwa, iwe na homa iwe na kisu, mwili unaweza kuanza kujaza mfupa humo ndani ya miezi tu, mkisubiri mnaweza kukuta na la kulia waya haupiti. Ila kuna sharti, mshipa wa kusikia ubaki mzima, wakishatoa uvimbe wanaupima palepale kwa umeme, ukijibu ndo wanaweka, ukiwa umekatika kipandikizi hakina kazi.

Dada alishachoka kufuatisha midomo yetu, akachukua kalamu akaandika nyuma ya bahasha ya picha: "Kichwa ni changu. Siku hiyohiyo." Baba akasoma, akasoma tena, akasema haya mama.

Alifanyiwa India, michango ya ukoo kule Kibosho na ya kanisani ndo ilitubeba, mshipa ukajibu, wakaweka. Walipowasha mashine wiki kadhaa baadae alilia, sauti zetu zote zinakwaruza hazitofautiani, zikaja kunyooka taratibu sana. MRI bado anapiga, kivuli kipo lakini sehemu wanayoitaka wanaiona, na kila safari baba lazima amuulize daktari kama kile kivuli hakifichi kitu.